Shairi Ulilolisoma Kama Neno la Bwana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua umeshaitikia. Hukuwahi kungoja mtu amalize kukuamkia. Ulikuwa unatupa marahaba toka ng'ambo ya barabara, mtu hajafungua hata mdomo, mpaka Mama akawa anasema ipo siku utamwitikia mbuzi.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako hapa Kaisho, kwenye kiti chako ambacho tangu ututoke hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa mimi na kuku. Mama yuko jikoni anamenya ndizi. Amenichungulia, akaniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia, wewe. Wala hakushtuka. Akasema, "Mwambie aliondoka na funguo za stoo." Basi salamu zako ndizo hizo, Baba. Uliondoka na funguo za stoo. Tulivunja kufuli.

Lakini sikukalia kiti chako kwa ajili ya kufuli. Wazee wa kigango walikuja hapa nyumbani, Mzee Petro mwenyekiti akiwa mbele na ile fimbo yake, Mama akawatolea kahawa ya kutafuna, wakatafuna, wakasifu migomba, wakasifu paa, wakasifu hata mbwa. Nikajua kuna jambo. Kumbe wananitaka mimi. Wananitaka nishike nafasi yako, niwe katekista wao! Haya, cheka kwanza, nakusubiri.

Umemaliza? Sasa nisikilize, maana mimi mwenyewe nilicheka, halafu chakula kikanishinda. Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani niliyewahi kumwambia kwamba sina uhakika kama naamini. Na sasa wanataka nisimame mbele yao Jumapili kwa Jumapili nikiwasomea Neno. Nikikubali, si nitakuwa mwongo? Nikikataa, nani atawafungulia kanisa, wakati padre anafika huku kwa kubahatisha, barabara ikiwa imekubali? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimeingia nalo darasani nikafundisha vitu visivyoeleweka. Na kila nikiligeuza linanirudisha kule kule, kwenye kiangazi cha shairi.

Unakumbuka, Baba? Utasahauje, na watu walikutania mpaka mwisho!

Nilikuwa kidato cha tatu, shule yetu hii hii ya kata ninayofundisha sasa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa kijana mgeni kutoka Morogoro, aliyekuwa bado anavaa sweta mbili asubuhi akishangaa baridi yetu. Alitutungia shairi mwenyewe, akaliandika ubaoni kwa mwandiko wa madaha, akasema tulinakili, tukalihakiki nyumbani. Ubeti wenyewe, wa mama mmoja mkulima, ninao kichwani hadi leo:

Mbegu ameshaipanda, udongo ungali vumbi,
Wingu halijajitanda, hawajaja kumbikumbi,
Jirani akamponda, kupoteza mbegu dhambi,
Naye akazidi kwenda, mdomoni ana ombi.

Na swali likafuata: Je, mama huyu anaongozwa na imani au na akili? Tetea jibu lako.

Nilikuja nalo nyumbani nikiwa nimeshajibu. Akili! Mama yule anajua majira. Anajua mvua ya Septemba haiko mbali, anataka maharage yake yapate tone la kwanza, siyo asubiri mpaka udongo uwe tope ndipo aanze kutafuta jembe. Nikakusomea jibu langu kwa kiburi, tumekaa hapa hapa barazani, wewe unachambua kahawa kwenye ungo. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Koku, umesoma mistari mitatu. Wa nne umemwachia nani?"

"Mstari wa nne ni pambo, Baba."

Mama wee! Uliacha ungo. "Pambo? Ombi ni pambo?" Ukasimama kabisa. Ukanihubiria kuhusu mama yule kana kwamba ni jirani yetu: kwamba akili ilikuwa ya yule jirani mpondaji, yeye ndiye aliyepiga hesabu, akaona mbingu tupu, akasema mbegu inapotea. Mama yule hakuwa na hesabu, alikuwa na ombi. Nikakujibu kwamba mtu hawezi kuomba tu halafu akapanda popote, mbona hakupanda Juni? Ukanyoosha mkono hapo. Ukasema, "Nipe hiyo karatasi, nikalale nayo."

Mama naye akatoa hukumu yake toka jikoni, hakuna aliyemwomba. "Huyo mwanamke hana imani wala akili. Wadudu wanamlia mbegu kwenye mtungi. Anaokoa kilichobaki."

Ninyi wawili mlikuwa na raha ya kubishana, jamani. Siku hizi nyumba imekuwa kimya mno, hata mimi nikimchokoza Mama ananijibu kwa upole, na upole wake unatisha.

Basi ukaiweka karatasi yangu ndani ya kitabu cha masomo ili uendelee kuifikiria. Jumapili ikafika. Kanisa limejaa mpaka mlangoni, maana kiangazi kilikuwa kimegoma kuisha, na mvua ikichelewa watu wanakumbuka njia ya kanisani. Mimi nimekaa na wasichana upande wa kushoto, Mama mbele na wenzake wa jumuiya. Ukafika kwenye mahubiri. Ukasema unataka kuwapa mfano. Ukaichomoa karatasi yangu, nikaona aibu na fahari kwa pamoja, ukalisoma lile shairi. Na ulilisoma, Baba! Kwa ile sauti yako ya Ijumaa Kuu, polepole, kila kina kikidondoka mahali pake. Bibi mmoja akaguna kwa uchungu ulipofika kwa jirani. Ulipomaliza ukainua uso, ukatulia, na mdomo wako ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote ukiinua uso pale mbele.

"Neno la Bwana."

Kanisa zima likaitika, "Tumshukuru Mungu!"

Nilimwona Mama akigeuka taratibu kunitafuta kwa macho. Wewe hukujisikia. Ukaendelea na mahubiri, ukamsifia mama yule, ukapasha moto, na kama vile haitoshi ukafunga kwa lile neno lingine ulilolizoea: "Basi nanyi nendeni mkafanye vivyo hivyo."

Wakaenda.

Njiani kurudi nyumbani nikakwambia, "Baba, umesema Neno la Bwana." Ukasema, "Ndiyo, si ni Jumapili?" Nikakwambia, "Baada ya shairi, Baba." Ukasimama katikati ya njia. Ukamtazama Mama akutetee. Mama akasema, "Na mkafanye vivyo hivyo, ukasema." Ukaanza kucheka, tukacheka wote watatu tukishikilia migomba ya watu, mpaka machozi. Ulidhani yameishia hapo.

Jumatatu asubuhi nikienda shule nilipita katika vumbi la watu. Kila shamba lina mgongo ulioinama! Mzee Petro mwenyewe na wanawe, wanapanda. Mwalimu mkuu mstaafu, anapanda. Wale wa ng'ambo ya mto ambao kanisani huwa tunawaona Krismasi, wanapanda, eti wamesikia limesomwa. Mbingu juu nyeupe pee, hakuna wingu hata la kusingiziwa. Nikageuza, nikarudi nyumbani nikikimbia na begi likinigonga mgongoni. Nilikukuta unapiga mswaki. Nikasema, "Baba, wanapanda."

Sijawahi kuona povu likikauka mdomoni mwa mtu vile.

Hapo ndipo nilipokupenda upya, na ngoja nikwambie wazi kwa sababu ulipokuwa hai nilikuonea haya. Mwingine angenyamaza. Angesema, ah, mvua itakuja tu, nani atajua? Wewe hukunywa hata chai. Ulichukua kofia ukaenda nyumba kwa nyumba, ukiwaambia mwenyewe kwa mdomo wako: "Jamani, nililosoma jana si Biblia. Ni kazi ya shule ya binti yangu. Acheni kupanda." Nilikufuata nyuma, shule nikaikosa siku ile, na sijawahi kujuta.

Na walivyokujibu sasa! Mzee Petro akakutazama akiwa ameegemea jembe. "Katekista, nimeshapanda hadi kule kwenye mparachichi. Unataka nifukue?" Ukasema, angalau usiendelee. Akafikiri. Akasema, "Lakini lilikuwa na ukweli." Mkewe akadakia kwamba aliyesema mbegu inapotea alikuwa jirani, siyo yule mama, na katika habari za namna hii jirani ndiye huwa na makosa. Mwingine akasema hapana, jirani ana haki, ila kosa lake ni dharau. Mwingine akauliza kwa nini kumbikumbi wametajwa, bila shaka wana maana. Nyumba baada ya nyumba, wewe unaomba msamaha, wao wanahakiki shairi! Mwalimu wetu wa Morogoro angekufa kwa furaha, maana darasani hakuna aliyekuwa akimjibu zaidi ya "ndiyo mwalimu". Bibi yule aliyeguna kanisani hakutaka hata kukusikia. Akasema kama Mungu anaweza kusema kupitia punda kwenye Biblia, atashindwa kupitia Koku?

Kicheko chetu kilikoma kwa Mama Spesioza.

Alikuwa bado mgeni kidogo siku zile, au sisi ndio tulikuwa tunamfanya mgeni. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, mumewe alishafariki, naye aliishi kwa kibarua cha kupalilia kahawa za watu, na ile kona ya shamba aliyoazimwa na jumuiya. Tulimkuta ameketi mlangoni, mtungi wa mbegu umelazwa pembeni yake, mdomo wazi. Ukamwambia ulichowaambia wengine. Akakusikiliza. Ukamuuliza, "Umepanda kiasi gani, mama?"

"Zote," akasema. "Baba katekista, wewe ulisema."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililouma. Tulirudi nyumbani.

Jioni ile ulituita mimi na Mama ukatangaza kwamba sisi hatupandi. Mbegu yetu yote itabaki stoo mpaka mvua inyeshe kweli kweli. Isiponyesha, ya wenzetu ikaliwa na mchwa ardhini, ile ya stoo ni ya Mama Spesioza kwanza, halafu ya wengine waliopungukiwa. Mama akapandwa na hasira. "Yaani kigango kizima kimepanda kwa imani, na katekista wao anangoja mvua kama mpagani!"

"Nimeomba mvua ije," ukasema.

"Sasa mbegu unaifungia ya nini?"

"Isipokuja."

"Umeomba au umefungia?"

"Vyote viwili, Mama Koku. Mbona unataka nichague? Mungu mwenyewe hajanikataza kuwa na akiba."

Mama akasema umekuwa mwanasiasa. Mimi nikaingia ndani nikalifuta jibu langu la kwanza, nikaanza upya. Niliandika kwamba swali la Mwalimu lina kosa, kwa sababu mama wa kwenye shairi hakuulizwa achague. Kwamba mkono wake ulifanya kazi ya akili na mdomo wake kazi ya imani, na mtu ni mmoja. Nikaandika kwamba namfahamu mtu kama huyo, na kwamba kwa sasa amewakasirisha watu wa nyumbani kwake.

Siku zikapita, mbingu ile ile. Ulikonda, Baba. Ukawa unatoka nje kila baada ya kijiko cha chakula unachungulia juu. Watu walikutania barabarani, "Katekista, shairi linasemaje leo?" nawe ukawajibu kwa utani pia, lakini nilikuwa nakujua.

Jumapili ya pili yake tulitangulia kanisani sisi wawili, kama kawaida, wewe kupanga vitabu na mimi kufagia. Nikaona nikwambie. Sijui kwa nini niliona ndiyo siku. Labda kwa sababu ya kuandika ile insha, nilikuwa nimetetea imani vizuri mno kwenye karatasi, kisha nikajitafuta ndani nisiione. Tulikuwa tumesimama nje, chini ya ile rimu ya lori inayoning'inia, ndiyo kengele yetu, nondo ya kuigongea mkononi mwangu. Nikasema, "Baba, mimi sijui kama naamini. Naomba kwa sababu wewe unaomba. Nikiwa peke yangu sisikii kitu."

Nilisubiri dunia inipasukie. Binti wa katekista!

Ulinitazama muda. Midomo yako ilitaka kusema neno, halafu haikusema. Ukanisogezea ushungi uliokuwa umeniangukia, ukasema, "Haya. Gonga kengele, watu wanangoja."

Basi, ndivyo tu. Niligonga kwa nguvu mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikuwa na furaha isiyo na maelezo, kwa sababu nilikwambia na hukunifukuza. Lakini nikaondoka pale na wazo moja ambalo nimeishi nalo tangu siku ile: kwamba wewe ulikuwa na uhakika mwingi kiasi kwamba shaka yangu ilikuwa kitu kidogo kwako, cha kupunga kwa mkono. Nikakuonea wivu. Miaka yote, Baba, hata nikiwa chuoni, hata nikiwa mtu mzima na mshahara wangu, nikikutazama umesimama pale mbele nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu anajua, mimi ndiye nisiyejua.

Mvua ilinyesha siku ya mnada. Unakumbuka fujo ile! Ilianza kama kejeli, matone makubwa ya kuhesabika, halafu ikamwagika, wachuuzi wanakimbilia turubai, ng'ombe wanapiga kelele, nawe umesimama katikati ya uwanja wa mnada mikono imening'inia, kofia inachuruzika, unacheka peke yako. Kesho yake jioni kumbikumbi wakatoka. Watu wakapiga kelele toka mashambani wakikuona, "Neno la Bwana!" Nawe ukawa unawajibu kwa ukali, "Si Neno la Bwana, ni kazi ya shule!" nao kwa pamoja, "Tumshukuru Mungu!" Hawakukuachia utani huo mpaka umezeeka. Paroko alipofika na kusikia, alishika ukuta kwa kucheka, akakuonya siku nyingine ukisoma lisilo la Bwana ufunge mdomo mapema.

Maharage yakaota kila mahali. Yakaota kwa Mzee Petro, yakaota kwa Mama Spesioza, kijani kitupu, kila shamba la Kaisho isipokuwa moja! Shamba la katekista lilikuwa jekundu, tupu, katikati ya mashamba ya watu. Wageni waliuliza kama mwenye shamba amefariki. Tulipanda tumechelewa, na wenzetu walipoanza kuchuma mabichi sisi yetu yalikuwa bado maua. Lakini msimu ule hukuwahi kula ndizi bila maharage. Walileta wenyewe, vikapu kwa vikapu, na kila aliyeleta alikuwa na maneno ya kumalizia. Mama alipokea akisema, "Tumevuna tusipopanda, kama maandiko yanavyosema," akikutazama kwa jicho la pembeni. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha Mama Spesioza.

Na ile insha! Mwalimu aliniandikia kwa wino mwekundu kwamba swali liliuliza kimoja na mimi nimejibu viwili, lakini akanipa alama nzuri, akaomba aje akuone. Akaja na sweta zake. Ukamuuliza, kwa heshima zote, alikusudia nini hasa kwenye lile ombi la mstari wa mwisho? Akaona haya. Akasema, "Mzee, kusema kweli nilikuwa natafuta kina kinachoendana na vumbi." Nilidhani utakasirika. Ulicheka ukakohoa, ukamwekea ndizi nyingine kwenye sahani, ukamwambia kwamba basi amebarikiwa, kwa sababu kuna watu wamepanda kwa kina chake. Nadhani ni hapo nilipoamua kwamba na mimi nitafundisha Kiswahili.

Sasa nikwambie ya jana.

Mama Spesioza alikuja. Amezeeka, anatembea na kifimbo, lakini mdomo bado. Alikuwa amesikia kwamba wazee wameondoka hapa bila jibu. Hakungoja hata kahawa.

"Nasikia unamkatalia Mungu."

"Sijamkatalia mtu, mama. Nina maswali. Mtu mwenye maswali hawezi kusimama pale alipokuwa anasimama Baba."

Akanitazama kana kwamba nimeongea Kichina. "Pale alipokuwa anasimama baba yako? Wewe unafikiri baba yako alisimamaje?"

Akanisimulia, Baba. Alinisimulia uliyomwomba asimwambie mtu, na akasema kwa kuwa umeshaondoka, na kwa kuwa mimi ni mwanao, ahadi imeisha. Kwamba katika kiangazi kile ulikwenda kwake Jumamosi moja, ukakaa kwenye kinu chake kilicholazwa uani, ukalia. Kwamba ulimwambia, "Spesioza, naomba kila siku na sisikii kitu. Sijui kama kuna anayenisikiliza. Na ninyi mmepanda kwa mdomo wangu. Kesho nitasimamaje mbele yenu?"

Nikamuuliza alikujibu nini.

"Ningemjibu nini mimi?" akasema. "Nilimwambia, baba katekista, wewe simama tu. Mbegu zangu ziko chini tayari. Ukikaa sasa, mimi nitafanya nini?"

Akacheka kwa ufizi wake, nikacheka na mimi, na katikati ya kucheka nikapiga hesabu. Nikamshika mkono, nikamuuliza ile Jumamosi ilikuwa ipi. Akasema ndiyo ile kabla mvua haijanyesha. Kesho yake, akasema, kengele iligongwa kwa fujo mpaka akadhani kuna moto.

Baba! Yaani ulitoka kwake na maneno yale bado ya moto, ukalala nayo, asubuhi mwanao naye akasimama mbele yako akakwambia hayo hayo! Nikiwa peke yangu sisikii kitu. Nilikwambia maneno yako mwenyewe. Na wewe ukanyamaza, ukanisogezea ushungi. Tangu jana nimekuwa nikijaribu kuuona uso wako wa asubuhi ile, na sasa nauona sawasawa. Nilidhani ni uso wa mtu mwenye uhakika.

Nimecheka, nimelia, Mama amekuja mara mbili kuangalia kama niko sawa. Nimemwambia. Akasema, "Nilijua. Ungelala naye kitanda kimoja ungejua na wewe." Akarudi kwenye ndizi zake. Mnaweza kuficha mambo, ninyi!

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mzee Petro nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba nina shaka nyingi, asije akasema sikumwambia. Akauliza kama shaka zenyewe zitanizuia kuamka Jumapili. Nikasema hapana. Akasema basi hayo ni yangu na Mungu, yeye ni mwenyekiti tu. Ila ameniomba kitu kimoja, kwamba nikiwasomea shairi, niwaambie mapema kuwa ni shairi, maana safari hii mbegu imepanda bei.

Kwa hiyo Jumapili nitasimama pale, Baba. Sina uhakika zaidi ya niliokuwa nao nikiwa kidato cha tatu, lakini siogopi tena, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mama anaita, chakula kimeiva, na wewe unajua asivyopenda kuita mara ya pili. Pumzika vizuri. Ungeniambia tu asubuhi ile. Lakini naelewa, nilikuwa mtoto, na watu walikuwa wanangoja. Ningejua, nisingekuacha uingie mle ndani peke yako. Ningekushika mkono, tukaingia wawili tusiojua.

Binti yako, na sasa mwenzako,

Koku